Aliyemnyooshea Mdogo Wake

Mume wangu ni fundi wa bodi. Gari likigongwa au likikwaruzwa, analetewa yeye. Karakana yake ni ua wetu wa nyuma, na utamsikia kabla hujamwona: ko, ko, ko. Ukimsalimia anaitikia bila kugeuka. Watu wanasema nimeolewa na bubu. Wacha waseme, mdomo ninao mimi na unatutosha wote wawili.

Ana ugonjwa mmoja tu. Hawezi kuona bati lililobonyea akaliacha. Tukienda msibani wenzake wanatoa pole, yeye mkono uko kwenye mlango wa gari la mtu, anapapasa. Nilishamwambia ipo siku ataitiwa mwizi.

Na ana mdogo wake, huyo shemeji yangu. Baba yao alifariki shemeji bado mchanga, kwa hiyo mume wangu ndiye aliyemlea, akamsomesha, na gari akamfundisha yeye. Shemeji akapata kazi ya kusambaza mikate kwa pikapu ya tajiri mmoja. Ni mtu mzuri, sitamsingizia. Ukiumwa, wa kwanza kupiga hodi ni yeye, na atakuchekesha mpaka usahau homa. Shida ni chupa. Akishapiga mtungi anashika usukani, na anakwambia kwamba akilewa ndipo macho yanapomfunguka. Sisi tulikuwa tunacheka.

Akigonga nguzo ya geti, gari linakuja kwa kaka yake. Akibamiza mlango kwenye ukuta wa baa, linakuja. Mume wangu haulizi kitu. Ananyoosha, anapaka puti, anapiga msasa, anapuliza rangi, na tajiri akija kazini analikuta gari linang'aa. Nikimwambia, "Baba watoto, huyu unamharibu," ananijibu, "Atafukuzwa kazi." Basi, maongezi yameisha.

Jumapili moja asubuhi shemeji aliingia uani na pikapu, boneti imekunjika, taa ya kushoto hakuna, madigadi imeingia ndani. Mimi nilikuwa nachambua mchele mlangoni, na ile harufu ya pombe ilinifanya nigeuze uso. Akasema amegonga ng'ombe. Akapita, akajitupa kwenye kochi langu na viatu vyake, akaanza kukoroma.

Mtu mwingine angejiuliza ni ng'ombe wa nani huyo, katikati ya mji. Mume wangu hata uso hakuwa amenawa, na nyundo ilishakuwa mkononi. Nilimpelekea chai ikapoa pembeni. Alinyoosha boneti, akaipaka puti, ndipo akageukia tundu la taa ili alisafishe. Akatoa humo kipande cha nguo nzito ya bluu, kina kifungo cha koti. Akakigeuza huku na huku. Kisha akaketi chini, palepale kwenye vumbi la msasa.

"Ng'ombe havai koti," akasema.

Mwenye koti alikuwa mlinzi wa shule, ametoka zamu, anarudi kwake kwa miguu. Habari zilitufikia kabla ya mchana. Alifia kando ya barabara, na waliomwokota walisema mwili ulikuwa bado una joto. Yaani mtu alikuwa anakata roho wakati shemeji anatafuta njia ya kuja kwetu.

Polisi hawakupata taabu. Vioo vya taa na mikate vilikuwa vimetapakaa pale barabarani, wakaenda kwa tajiri, tajiri akawaelekeza kwetu. Walifika jioni wakakuta puti bado haijapigwa msasa. Wakawachukua wote wawili, mdogo kwa kuua na kukimbia, mkubwa kwa kuharibu ushahidi. Shemeji walimpima pombe, lakini alikuwa ameshalala mchana kutwa na kunywa maziwa, kipimo kikaonyesha kidogo mno. Mume wangu aliwakabidhi kile kipande cha koti, akaandika maelezo, wakamwachia kwa sharti kwamba atakuwa shahidi.

Hapo ndipo tulipoingia motoni. Wakili wa shemeji alisema ulevi hauwezi kuthibitishwa bila mume wangu, maana polisi waliandika maelezo yake tu. Aseme tu kwamba hakunusa kitu na boneti ilikuwa mbovu tangu zamani, kesi itapungua, pengine iwe faini. Mama mkwe akaja kukaa kwetu, analia asubuhi na jioni. "Mwanangu, yule amekufa, hafufuki. Huyu bado yupo. Nibakizie." Mume wangu anainamisha kichwa. Ko, ko, ko ikanyamaza, magari ya watu yakajaa uani hayaguswi.

Mimi nilimwambia wazi. "Ukisema kweli umempoteza mdogo wako, na mimi nitalia na wewe. Ukidanganya, tafuta pa kulala, maana kwangu hulali."

Siku ya kesi mjane alikaa benchi la mbele na wasichana wake wawili, wamevaa sare za shule. Mume wangu aliapa, akaulizwa, akajibu kwa sauti ndogo mpaka hakimu akamwambia apaze. "Alikuwa amelewa," akasema. "Na lile bonyeo lilikuwa la asubuhi ile."

Wakili akamrukia. Amejuaje kwamba si la zamani?

"Ya zamani yote niliyanyoosha mimi."

Shemeji alifungwa miaka saba, na leseni ikafutwa. Alipokuwa anatolewa alipita mbele ya kaka yake kama anapita mbele ya ukuta. Mama mkwe alipiga magoti sakafuni, ikabidi tumbebe.

Siku za kutembelea wafungwa mume wangu ndiye anayempeleka mama yake. Mimi naongozana nao. Mama anaingia, sisi tunakaa nje kwenye jua, kwa sababu shemeji amekataa katakata kumwona kaka yake. Mara ya mwisho mama alitoka na ujumbe. Alisimama muda mrefu anafunga kanga yake, anaifungua, anaifunga tena.

"Anasema ungekataa kumnyooshea hata mara moja, tajiri angemnyang'anya ufunguo. Na yule mlinzi angekuwa hai."

Nikaanza kufoka hapohapo, askari wa getini wananitazama: anywe yeye, aue yeye, akimbie yeye, halafu lawama zibebwe na nani? Nilikuwa bado sijafika nusu ya niliyotaka kusema, mume wangu akanishika mkono.

"Mwache," akasema. "Siku ile nilikuwa nangoja hakimu aniulize hilo, na hakuniuliza."