Bamia Moja ya Soko la Msambweni

Siku yangu ya kwanza nikiwa afisa wa soko Msambweni nilivaa viatu vya kisigino, nikakabidhiwa uwanja wa magugu na mizani ya saa, ile ya kuning'iniza yenye mshale unaozunguka. Msimamizi wa Masoko alivitazama viatu vyangu.

"Bi Fatuma, nakupa Jumamosi sita. Soko lisiposimama, uwanja nitawapa wenye malori ya mchanga, nawe utarudi ofisini kupanga mafaili."

Niliapa sirudi. Wakulima wetu walikuwa wakiwauzia walanguzi machungwa shambani kwa bei ya kutupa, nami nilitaka wauze wenyewe. Basi nikajitia ujuzi. Nilipiga marufuku fungu, yaani kirundo kinachokadiriwa kwa macho, na nyongeza pia nikaikataza. Kila kitu kwa kilo! Nilizunguka na mizani yangu, na nilipopima bamia za Bi Mwanakombo, muuza mboga na machungwa kutoka Gazi, nikaona mshale umepita kilo kidogo, nikamwamuru atoe bamia moja. Aliitoa, mteja wake akitazama.

Jumamosi ya kwanza watu walijaa. Kufikia ya nne, mbuzi walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Nilimwendea Bi Mwanakombo nimenywea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Watu hawajazoea vipimo, sivyo?"

"Vipimo wamevizoea. Yule uliyempunguzia bamia ni jirani yangu, na tangu siku ile hajanijibu salamu. Mtu akiondoka kwangu bila nyongeza, huona nimemfukuza."

Niliona haya. Mimi mzaliwa wa hapahapa, mama yangu aliuza mihogo maisha yake yote, na hakuna aliyeondoka kwake bila kuongezewa.

Jumamosi ya tano niliitundika mizani langoni, kwa ajili ya wapishi wa hoteli za Diani wanaonunua kwa magunia. Ndani, fungu na nyongeza vikarudi, na bodaboda mwenye kipaza sauti akatangaza mpaka Gazi. Ya sita, Msimamizi alikosa pa kuegesha gari. Alinunua machungwa, Bi Mwanakombo akamwongezea moja.

"Nimeshalipia, mama."

"Hilo la watoto, baba."

Akasimama na chungwa lake mkononi. "Bi Fatuma, malori yatatafuta uwanja mwingine."

Nilipiga vigelegele mbele ya mkubwa wangu, na sijutii.

Leo soko lina paa, na maafisa vijana huja kuniuliza siri yake. Huwaambia kanuni wazijue, lakini kwanza wakae kitako na wauzaji.

Siku niliyostaafu nilinunua bamia kwa Bi Mwanakombo. Alizipima kwa mizani, mshale ukatua sawasawa kwenye kilo, kisha akaweka moja juu.

"Hii ndiyo ile uliyonitoza."

Niliitafuna mbichi palepale, soko langu zima likitazama.