Kapu Lisilo na Kifuniko

Conjesta wa Maisaka ni fundi ujenzi, na kikundi chetu cha kukarabati nyumba alikianzisha yeye. Sharti lake lilikuwa moja: mwenye nyumba alipe anachoweza, na akiweke kwenye kapu lenye kifuniko ili asijulikane nani katoa nini.

Wenye uwezo walitufanya wajinga. Mtu ana nyumba ya vigae na gari uani, anatushukuru huku anatabasamu, halafu mwisho wa wiki tukifungua kapu tunakuta buku buku tu, noti za elfu moja. Ikafika mahali tukakosa hata hela ya misumari. Nikamwambia Conjesta kwamba kile kifuniko kitatuua. Alibisha mwezi mzima, kisha akakiondoa mwenyewe, amenuna.

Hela zikaja. Mbele ya majirani hakuna tajiri anayetaka kuonekana bahili. Tukanunua ngazi mpya, nami nikajisifu sana.

Masika yalipoanza tulipita Mutuka na ngazi yetu tukitoka kazini, tukaingia kumsalimu Bibi Sijaona, mjane tuliyemzibia paa mwaka juzi. Alikuwa amepanga masufuria sakafuni, maji yanadondoka kila pembe.

"Shikamoo, Bibi. Mbona hukutuita?" Conjesta akauliza.

"Marahaba, mwanangu. Mara ile niliweka mayai mawili, nikafunika. Sasa nasikia kapu liko wazi."

Conjesta hakunitazama. Alichukua ngazi mpya, akaiegemeza ukutani, akapanda. Nilipomfuata na misumari alinizuia kwa mkono.

"Wewe nenda kwa wanaolipa," alisema.