Gari Lisilofika Same

Kwa miezi mingi mama yangu alishuka kliniki akiwa amefungwa mfuko wa plastiki mguuni. Alikuwa na kidonda cha sukari kwenye kisigino, na daktari alituambia bila kuzunguka kwamba kidonda kikilowa, au tukikosa siku ya kukisafisha, mguu utakatwa. Kutoka kwetu Uru, juu mlimani, hadi hospitali mjini Moshi hakuna gari linalopita mlangoni. Kwa hiyo tulipanda bodaboda mshikaki: dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na ule mguu ameunyoosha pembeni ndani ya mfuko wake. Masika yakianza, tope jekundu lilimrukia mpaka kifuani. Mama alitenga kanga mbili za safari hiyo tu, kwa sababu hazikutakata tena.

Nayasema haya mapema ili mtu akikutana na hasira yangu huko mbele asidhani nilizaliwa nayo.

Mama ndiye aliyesema tununue gari. Aliuza miti ya mbao ambayo marehemu baba aliipanda mpakani mwa kihamba chetu, kule inakoishia migomba na kahawa, akasema fedha hizo ni za mguu wake. Alitumia maneno hayo hayo: za mguu wangu. Kaka zangu wawili, mkubwa anayeishi Dar es Salaam na wa pili aliye Arusha, wakaahidi kuongezea kidogo. Waliongezea kweli, sitawasingizia. Lakini tangu siku walipotuma hicho kidogo, gari likawa lao.

Grupu la familia kwenye simu likageuka yadi ya magari. Asubuhi kaka mkubwa anasifia haibridi, lile la mafuta na umeme pamoja, jioni kaka wa pili anajibu na gari la umeme, kesho yake wamebadilishana na bado wanabishana. Zililetwa picha za magari yaliyotumika Japani, ndani yamesafishwa mpaka yanang'aa. Betri ya haibridi ikichoka inauzwa wapi? Gari la umeme likipita kwenye maji halitapiga shoti? Umeme ukikatika siku mbili, mtalisukuma? Wifi yangu mmoja aliuliza kama kuna nyeupe. Hakuna aliyeuliza nani ataliendesha, wala mama ataingizaje mguu wake. Mimi ndiye ninayeishi na mama, na mimi ndiye mwenye leseni pale nyumbani. Niliandika mara moja tu, nikasema kiti kisiwe chini sana kwa sababu mama hawezi kuukunja mguu. Kaka mkubwa akanijibu kwa kidole gumba, kisha wakaendelea na rimu za magurudumu.

Kidole gumba kile kilinichemsha damu wiki nzima.

Na gari tuliwahi kuwa nalo. Baba alituachia pikapu, imechakaa lakini inatembea, na mimi ndiye niliyeiendesha. Nilibebea majani ya ng'ombe, nilishushia ndizi sokoni, nilimpeleka mama kanisani siku za mvua. Krismasi ya kwanza baada ya msiba kaka mkubwa alisema Dar kuna fundi bingwa wa injini, akaondoka nayo. Tukaambiwa ni mwezi mmoja. Halafu tukaambiwa vipuri ni shida. Halafu mtu akatuma picha za harusi huko Kibaha, na pikapu ya baba ilikuwa nyuma ya bibi harusi, imejaa viti vya kukodi. Mama aliitazama picha ile, akanirudishia simu, akaenda kukamua.  Mimi nilisema mengi, ila niliyasemea zizini baadaye, ambako hakuna wa kunijibu.

Basi safari hii niliamua kutosubiri grupu. Niliomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nikaenda mwenyewe kwenye yadi moja mjini. Muuzaji alinipokea kwa adabu, akaniuliza kama nimemtangulia mzee. Nikamwambia mzee nimemzika, alikuwa baba yangu, na naomba funguo.

Nilianza na haibridi. Sina ugomvi na haibridi. Lilikuwa gari zuri, linaondoka kimya kimya kwa betri, mlima ukikaza injini inaamka yenyewe inasaidia. Kisha nikajaribu kigari cha umeme, kidogo, kimepauka mbele, lakini mlango wake ulifunguka wazi na kiti kilikuwa juu. Tulipanda nacho mpaka Uru, muuzaji kajishikilia pembeni. Kilipanda kwa nguvu ambazo sikuzitegemea, ila umeme ulishuka haraka kwenye kioo cha mbele ya usukani mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Tulipogeuza kuteremka, zile namba zikaanza kurudi juu taratibu. Mteremko ulikuwa unakichaji. Nilicheka peke yangu pale kwenye usukani, mtu mzima na mvi zangu.

"Mama, sitakuficha," muuzaji alisema tuliporudi. "Betri ya hiki imechoka. Nyumbani na mjini, hakuna shida. Lakini Same hakifiki."

Nilipeleka habari zote kwenye grupu, mazuri na mabaya, nikaeleza na kiti na mlango. Walichokishika ni kimoja tu. Halifiki Same, mji wa njiani tu kuelekea Dar! Kaka wa pili alicheka kwa maandishi mistari mitatu. Tangu siku hiyo utani wa ukoo ukawa huo. Mtoto akichelewa kuamka, huyo hafiki Same. Simu ikiishiwa chaji, imeshindwa kufika Same. Hata mimi nilianza kuegemea haibridi, kwa sababu umeme kwetu unakatika na sikutaka siku ya kliniki initokee gizani. Niliwaandikia kwamba lolote litanifaa, mradi lije upesi, maana kidonda hakisubiri kura.

Walisubiri Krismasi.

Krismasi kwetu kila mtu anarudi nyumbani, na kila mtu anarudi na gari lake au la kuazima, uwanja unajaa mpaka kuku wanakosa njia. Asubuhi ile mbuzi alichinjwa nyuma mgombani. Wanaume wako kule na kisusio chao, ile supu ya damu, na mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Wanawake tuko jikoni na sufuria la mtori wa ndizi na nyama. Mambo mazito ya ukoo huamuliwa kule anapochunwa mbuzi, na sisi wa jikoni hupata habari pamoja na nyama. Nimekua nikiona hivyo na kwa miaka mingi sikuona ajabu.

Kaka wa pili ndiye aliyeleta nyama. Aliweka beseni chini, akafuta mikono.

"Tumemaliza," alisema. "Ni haibridi."

"Kwa nini?" nilimuuliza. Nilikuwa namenya ndizi.

"Aisee dada, lile la umeme ni kidude cha watoto. Hata Same halifiki! Haibridi tunakanyaga mpaka Dar bila wasiwasi, na Krismasi ijayo tunarudi nayo."

"Mnarudi nayo kutoka wapi?"

Aliinama. Akatazama beseni.

"Kutoka wapi, kaka?"

"Braza atakaa nayo kidogo Dar, mambo ya usajili yakae sawa. Yake iko gereji. Ni kwa muda tu, dada, usianze."

Usianze! Niliweka kisu chini, kwa sababu nilijijua. Nilitoka jikoni na maganda yakiwa kwenye aproni, nikapita katikati ya magari yao yote yaliyooshwa, nikaingia mgombani ambako mwanamke haingii siku hiyo. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto. Nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa hakunikosea, naye akaitikia marahaba huku akishangaa nimefuata nini.

Kisha nikamgeukia kaka mkubwa. Nilimwambia miti ile haikuuzwa ili yeye apate usafiri wa kazini. Nilimwambia kwamba mwenye kidonda hapa ni mmoja, naye anapanda bodaboda katikati ya watu wawili na mfuko wa rambo mguuni, wakati wao wanachagua rangi. Nilimuuliza pikapu ya baba iko wapi, na kama fundi bingwa bado anatafuta vipuri au sasa anaoa. Sauti yangu ilipanda mpaka watoto wakaacha kucheza. Sijutii hata neno moja, isipokuwa moja la Kichagga ambalo sitaliandika.

"Dada, unatudhalilisha mbele ya wazee," kaka mkubwa alisema. "Kwani mimi nimemwibia Mama? Mimi ni mtoto wake kama wewe. Akihitaji gari, si nalileta?"

"Kliniki ni kila wiki! Utalileta kila wiki kutoka Dar?"

Hapo ndipo tulipomwona mama. Alikuja na fimbo yake akikanyagia vidole, kisigino kimeinuka juu, anapita polepole kwenye majani makavu ya migomba. Hakuna aliyejua alikuwa amesikia kuanzia wapi. Baba mdogo alisimama akampa kigoda. Mama akakaa, akapumua kwanza.

"Hilo la umeme," alisema, "mnasema linaishia wapi?"

Kaka mkubwa alitabasamu, nadhani alifikiri ameletewa nafuu. "Mama, halifiki hata Same."

"Likijazwa kabisa?"

"Hata likijazwa pomoni."

"Na mtu akitaka kulipeleka Dar?"

"Haiwezekani, Mama. Ndiyo maana tunasema halifai."

"Basi nataka hilo," mama alisema.

Mafuta ya nyama yalikuwa yanadondokea motoni. Baba mdogo aliinamia kibuyu chake cha mbege akakaa hapo hapo. Kaka wa pili, ambaye alikuwa amenifuata nyuma, aligeuka akarudi uwanjani. Kaka mkubwa alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Mama, una maana gani?"

"Nina maana ya kliniki," alisema, akanipa mkono nimwinue.

Miezi yote ile nilikuwa nimelisikia neno hilo, halifiki Same, halifiki Same, na mimi mwenyewe nimelihesabu kuwa ila. Mwenye mguu ndiye aliyeona kwamba hapo ndipo penye usalama wake. Gari lolote linaloweza kufika Dar lingefika Dar.

Tulirudi jikoni na mimi nilikuwa nacheka. Nilicheka mpaka machozi, nikawaambia mawifi jinsi baba mdogo alivyokiinamia kibuyu, nikaigiza mdomo wa kaka unavyofunguka na kufungika. Nilijiona nimeshinda. Mama alikuwa amekaa karibu na mafiga, anautazama mguu wake.

"Usicheke," aliniambia. "Wale nimewazaa mimi."

Nilirudi kwenye ndizi zangu. Hasira ilinirudia hapo hapo, na safari hii ilikuwa nzito zaidi kuliko ile niliyoingia nayo mgombani. Mimi nilikuwa nimegombana na kaka zangu. Yeye alikuwa amekaa kimya miaka yote tangu pikapu iondoke, akiwapima wanawe, mpaka akafika mahali pa kuchagua gari kwa kuangalia umbali ambao hawawezi kulipeleka. Hakuna mama anayestahili kufanya hesabu hiyo.

Gari lilikuja Januari. Nalichaji usiku kwa waya unaopita dirishani, na nimejifunza kutolijaza kabisa, kwa sababu likijaa huku juu halina pa kuuweka umeme wa mteremko. Umeme ukikatika nahangaika, nakiri, na kuna siku tulishuka nimeng'ang'ania usukani nikiomba zile namba zituvumilie tupande tena jioni. Zimetuvumilia. Mama anakaa mbele, mguu ameunyoosha, bandeji nyeupe na kavu. Kidonda kimeanza kuziba, na neno la kukata daktari hajalitaja tena. Zile kanga mbili nafutia kioo.

Mwezi uliopita kaka mkubwa alinipigia simu. Alizungumza taratibu, bila ule ujuaji wake wa kawaida.

"Dada, nimepata betri. Nzima kabisa. Nitalipia mwenyewe, na fundi nitamleta, iwe zawadi yangu kwa Mama. Umeme ukikatika msihangaike tena." Akacheka. "Na Same litafika."

Sikujua nicheke au nikate simu. Nilimweleza mama tukiwa njiani kwenda kliniki. Tuliacha udongo, tukashika lami. Aliipapasa bandeji yake, akaangalia ile namba mbele yangu, iliyokuwa inapanda kidogo kidogo na mteremko.

"Mwambie asante sana," alisema. "Mwambie iliyopo inatutosha."

Nilimwambia. Kaka alisema sawa, akakata, na hakubishana hata kidogo, yeye ambaye hajawahi kuacha kubishana. Huenda safari hii alitaka kweli kumpa mama yake kitu. Nimelifikiria sana na bado sijui, na hii ndiyo hasira niliyobaki nayo: kwamba walitufikisha mahali ambapo mama analetewa zawadi na mwanawe wa kwanza, anaihitaji, anaitaka, na anaogopa kuipokea.