Majogoo kanisani: kompyuta ya kwaya yetu ilivyokuwa inapelelezwa

Wakuu, hamjambo huko mliko. Niko Likasi, Kongo, commune (yaani wilaya ya mji) ya Shituru, na haya niliyashuhudia mwenyewe. Asiyeamini simlaumu, hata mimi siamini kitu kirahisi.

Parokia yetu ina kwaya mbili. Kila sikukuu ya parokia, kila kwaya hushona kitenge kipya, na rangi huwa siri hadi siku yenyewe. Siri kweli, watu hununiana kwa ajili yake.

Mwaka jana wenzetu wa kwaya nyingine, inayoimba misa ya pili, walitokea na kitenge kilekile chetu. Aibu!

Lawama zikamwangukia Tantine Odette, shangazi yangu, mwimbaji wetu wa sauti ya alto kwa miaka mingi. Kosa lake? Mume wake anaimba basse, ile sauti nzito, kwenye kwaya ya misa ya pili.

Mwaka huu, kabla ya kuchagua kitenge, rais wa kwaya yetu, Maman Bernadette, akamwambia mbele ya wote kwamba yeye ndiye msaliti na atoke kwenye kwaya:

"Weye njo unabapelekea habari. Urudishe kitabu ya nyimbo!"

"Miye? Bwana yangu hata mayina ya rangi hajue!"

Watu wakacheka. Yeye akalia.

Mimi nikauliza: kitenge tulichochagua mwaka jana kiliandikwa wapi? Kwenye kompyuta ya kwaya. Nani aliitengeneza? Jean-Marie, fundi, tenor wa... misa ya pili.

Nikaifungua. Update zimezimwa tangu inunuliwe, eti zinakula mega za intaneti. Chini kabisa kuna programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali. Fundi aliiweka ili atusaidie, na inajiwasha yenyewe kila siku. Password: 123456. (Msicheke, yako ni ipi?)

Lakini "angeweza kuingia" siyo ushahidi. Nikaomba tufanye jaribio.

Tukaambiana kwa mdomo tu, Tantine akiwemo: bluu. Kwenye kompyuta nikaandika: kijani chenye majogoo mekundu. Hakuna kitenge kibaya kama kile soko zima. Wakija na bluu, Tantine aondoke. Wakija na majogoo, tumwombe msamaha.

Wakuu, sikukuu ikafika, mlango ukafunguliwa, wakaingia majogoo wawili wawili wakicheza! Jean-Marie alipoona bluu yetu, sauti ilimkatikia katikati ya wimbo.

Maman Bernadette akamkumbatia Tantine: "Unisamehe, mama. Leo weye utaanzisha Gloria."

Akaianzisha, kanisa likatetemeka.

Baada ya misa Tantine akamfuata mumewe, naye kavaa majogoo: "Papa Didi, leo nikupikie bukari (ugali) ao nikumwangie mahindi sawa jogoo?"

Jean-Marie alikiri huku akicheka, akaja kuifuta ile programu mbele yetu, bado amevaa majogoo.

Nilichojifunza: fundi akimaliza kazi, hakikisha na programu yake imeondoka. Badilisha password, washa update, mega zikiisha zinanunuliwa tena. Kama kitenge kilivuja hivi, vipi mafaili ya ofisini kwenu?

Fungueni kompyuta zenu sasa hivi, kisha mniambie hapa chini mmekuta nani ndani. Na kama kuna mtu mlimshuku bure, anzeni kwa kumwomba msamaha.