Pikipiki Mbili za Nyumba Yetu

Siku ya kwanza nilipoingia kazini katika dipo ya reli hapa Kamina, shefu wa garaji hakunipa nyundo wala ufunguo. Alinipa kitambaa cheupe akaniambia nikitandike chini. Kisha akaniletea mota ya draizini, kile kigari kidogo ambacho wakaguzi wa njia hupanda juu ya reli. Akaniamuru niifungue yote na kuvipanga vipande juu ya kitambaa kwa utaratibu uleule vilivyotoka. Nilikuwa kijana wa shule ya misheni. Nilijua mafungu mengi ya Biblia kwa kichwa, lakini sikujua hata buji, kile kipande kidogo kinachotoa cheche na kuwasha petroli ndani ya mota. Nilipomaliza, shefu alikuja, akakunja kitambaa pamoja na vipande vyote, akakitikisa kama mwanamke anayepepeta mchele, akakifungua tena.

"Sasa rudisha," akasema.

"Shefu, umebichanganya!"

"Njo kazi yenyewe, mutoto. Kama bimepangwa, hata nkambo yangu anaweza."

Bibi yake alikuwa amekwisha kufa zamani, naye alicheka peke yake. Nilirudisha nikitoa jasho, nikakosea, nikafungua tena. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mtu yule, maana hakunipiga wala hakunitukana. Alikaa juu ya pipa la mafuta akaningoja.

Baada ya miaka kadhaa walinituma kwenye stesheni ndogo za upande wa kaskazini, chini ya inspekta wa njia. Huyo alikuwa mtu mwembamba, mkali juu ya saa. Alisema draizini ikichelewa, mtu fulani mahali fulani amekaa juani bure. Kisha nikarudishwa Kamina kuwa mkubwa wa mota ndogo: draizini, pampu za maji, jenereta ya ofisi. Nilioa, nikajenga, Mungu akatupa watoto, na wa kwanza wao ni Ilunga.

Miaka ya tisini ilipofika, treni zilianza kuwa chache. Mshahara ulichelewa, halafu ukaacha kuja. Shefu wa dipo, mtu wa adabu sana, aliniita ofisini akavua kofia kabla ya kusema.

"Baba Ilunga, reli haikufukuzi."

"Wafwako, shefu," nikamshukuru kwa Kiluba.

"Ila haikuiti tena."

Hapo ndipo msimamizi wa wilaya wa kanisa letu aliponichukua nitengeneze pikipiki za wachungaji na wauguzi waliokwenda vijijini. Nilikuta mashine zilizochoka kuliko watu wenyewe. Nyingi zilikuwa na mota ya aina ya zamani, inayotaka mafuta ya mota yachanganywe na petroli katika tangi moja. Ukiweka mafuta kidogo mno, pistoni inakwama. Ukizidisha, buji inajaa masizi na mchungaji anarudi kwa miguu akiisukuma. Nilijifunza pikipiki kama nilivyojifunza draizini, juu ya kitambaa.

Katika miaka hiyo wazazi wa Kamina walianza kunijia. Kila mmoja alikuwa na kijana aliyesomeshwa na asiye na kazi, na kila kijana alikuwa ameona jinsi samaki wakavu wa Kinkondja, kule ziwani, wanavyouzwa hapa. Mwenye baiskeli, ambayo sisi huiita kinga, alisukuma mzigo wake mchangani siku nyingi hadi miguu ikavimba. Mwenye pikipiki alikwenda na kurudi wakati mwenzake bado yuko njiani. Basi baba na mama walikuja, wakakaa, wakauliza bei.

Niliwajibu kwamba bei ya sokoni ni ile ya kwanza tu. Mnyororo unaliwa na mchanga, na meno ya gia yanakwisha pamoja nao, kwa hiyo huwezi kubadili kimoja ukaacha kingine. Petroli inauzwa kwa chupa kando ya barabara, na ndani ya chupa kuna maji. Halafu kuna bei ambayo mzazi hulipa akiwa amekaa nyumbani, kijana asipoonekana jioni. Wengi walitikisa kichwa kwa heshima, wakaenda kununua. Siwalaumu, kwa maana mimi pia nilinunua.

Ya kwanza ilikuwa yangu mwenyewe, pikipiki kuukuu ambayo kanisa liliiacha. Niliihitaji kwa sababu mashine za wauguzi ziliharibika mbali, nami sikuweza kuzifuata kwa miguu. Ya pili ilikuwa ya Ilunga. Alikuwa amerudi kutoka Kinkondja na baiskeli, amekonda, na usiku nilimsikia akigeuka kitandani kwa maumivu ya miguu. Nilizunguka uani siku tatu. Siku ya nne niliuza magunia yetu ya mahindi, na pamoja nayo cherehani ya mke wangu.

"Weye ulisha kuuza mashini yangu?" Mama Ilunga akauliza.

"Ulikubali jana."

"Nilikubali na mudomo. Sasa naona pahali pake kwenye meza, na roho inakatala." Alipangusa meza ile kwa kitambaa, ijapokuwa haikuwa na vumbi. "Basi. Mutoto apande. Lakini akianguka, minyi sitakuja kulia ku hospitali. Nitakuja kumupiga."

Nanyi vijana mnapaswa kujua desturi yetu ya wakati ule. Mtu wa kanisa akipata kitu kikubwa, hakukificha. Jumapili alikuja nacho hadi mlangoni mwa kanisa, akatoa sadaka ya shukrani, na jamaa wote wakamzunguka wakiimba. Kwa hiyo Ilunga aliingia uwanjani na pikipiki yake iliyosafishwa, kwaya ikatoka nje, wamama wakapiga vigelegele na kunyunyiza unga juu ya taa yake ya mbele. Mchungaji alitaja jina la nyumba yetu na mtaa wetu, ili watu waje kufurahi nasi. Nami nilisimama nikatangaza kwamba nyumba yangu sasa ina pikipiki mbili, na sifa zimrudie Bwana. Wengine walifanya vilevile Jumapili zilizofuata. Kulikuwa na askari kwenye benchi la nyuma, kama walivyokuwako siku zote katika mji huu, nao walipiga makofi pamoja nasi.

Kisha, mwishoni mwa miaka ile ya tisini, vita vya pili vya nchi yetu vikaja. Mstari wa mapigano ulisogea kuelekea ziwa na mto, magari ya askari yakakosa petroli au yakazama katika matope, na ikasikika kwamba wanatafuta pikipiki. Ikasikika pia jambo lililotunyima usingizi zaidi, kwamba hawachukui pikipiki peke yake. Wanachukua na mtu wa kuiendesha, kwa sababu wao wenyewe hawajui njia za mchangani. Vijana wawili wa mtaa wa pili walikuwa wamekwenda hivyo, na nyumbani kwao hakuna aliyejua waliko.

Nilifungua pikipiki zote mbili juu ya kitambaa. Mota moja niliizika katika pipa la unga wa mahindi kwa jirani. Magurudumu yalipanda juu ya dari ya chumba cha kwaya. Tangi lilikaa jikoni kwa mjane mmoja, limefunikwa na sufuria. Kila nyumba ya jamaa zetu ilipokea kitu. Nilipomaliza nilidhani nimefanya la kutosha, lakini sikuweza kutulia. Nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikasoma zaburi, nikaifunga Biblia kabla ya kufika mwisho.

Walikuja asubuhi. Hawakuuliza njia kwa mtu yeyote, na hawakuhitaji. Mmoja wao nilimtambua, alikuwa mmoja wa wale wa benchi la nyuma. Aliangalia chini.

"Muzee," akasema komanda wao, "pikipiki yako mbili iko wapi?"

Sijazoea kusema uongo. "Biko bipande-bipande, shefu."

"Na bipande biko wapi?"

"Kila kipande iko na kwake."

Askari wakacheka. Komanda naye alicheka kidogo, akamgeukia Ilunga aliyekuwa amesimama kando ya ukuta pamoja na vijana wawili wa jirani. "Na mwenye kuendesha? Naye ulimufungua bipande-bipande?"

Alisema vijana wote watatu wapandishe suruali hadi magotini. Hapo nikaelewa. Kila mtu aliyejifunza pikipiki katika mji huu ana kovu moja kwenye shavu la mguu wa kulia, mahali bomba la moshi linapounguza mgeni wa kazi. Vijana wawili walikuwa na miguu safi. Ilunga alikuwa na kovu lake, jekundu bado.

"Huyu," akasema komanda.

Mama Ilunga alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Aliniangalia mimi.

Nikapandisha suruali yangu mwenyewe. "Shefu, angalia na yangu." Nina makovu yaliyopanda moja juu ya lingine, kama muhuri uliopigwa mara nyingi mahali pamoja. "Mutoto huyu anajua kuendesha tu. Mota ikizima mu mchanga kule Mulongo, atakaa chini na weye utakaa naye. Minyi nitaitengeneza."

"Baba, hapana," akasema Ilunga.

"Nyamaza, weye. Shefu, ukimukamata yeye, unapata dereva. Ukinikamata minyi, unapata dereva na garaji."

"Weye uko muzee. Na ukinifia mu njia?"

"Nikifa, utabakia na pikipiki nzima. Na yeye, hata pikipiki hautabakia nayo."

"Tukamate bote babili," akasema askari mmoja. "Pikipiki ni mbili."

Komanda alifikiri, akasema nizirudishe, kisha ataamua. Majirani wakaanza kuleta vipande. Mota ilikuja nyeupe kwa unga, tangi likaja likinuka mboga, waimbaji wakaleta magurudumu. Vyote viliwekwa juu ya kitambaa kimoja, vya pikipiki mbili vikiwa vimechanganyika. Ilunga alipiga magoti mbele yangu akinipa funguo. Mikono yangu ilijua kazi.

Niliomba kimyakimya, nikaamua. Nilichukua kilicho kizima kutoka huku na huku, nikaunda pikipiki moja. Kabureta ya Ilunga, mota yangu, magurudumu yake, mnyororo wangu. Vilivyobaki nilivitia katika gunia, nikavifunga nyuma kuwa vipuri. Ilipowaka, komanda aliuliza ya pili iko wapi.

"Iko ndani ya hii, shefu. Pikipiki moya nzima, na ingine ya kuilisha. Kiti kiko na nafasi ya bantu babili: minyi na weye."

Alizunguka ile mashine mara mbili. Alimwangalia Ilunga, akaniangalia mimi. Mama Ilunga alikuwa bado na mwiko wake. Kisha komanda akapanda nyuma yangu, akanipiga begani. "Twende, garaji."

Sikugeuka kumuaga mwanangu, kwa kuogopa kwamba komanda angegeuka pia.

Habari za kule ni fupi. Niliwabeba watu na barua kati ya Mulongo na Kinkondja, nikalala nje, nikatengeneza nilichoweza. Komanda yule hakuwa mtu mbaya kuliko wengine, alinipa chakula alipokuwa nacho. Lililonisumbua halikuwa risasi. Niliwaza kila siku kama kikosi kingine kimekuja nyumbani na kuwaamuru vijana wapandishe suruali tena. Wavuvi waliotoka upande wa juu wa mto niliwauliza habari za Kamina, nao walijibu kwa habari za bei ya chumvi. Vipuri vya gunia vilipokwisha, mota ikafa karibu na Sanga, mbele ya macho ya wote, na kikosi kikaondoka kwa mtumbwi. Komanda aliniacha kando ya ziwa bila neno, akanyoosha mkono tu. Nilirudi kwa miguu.

Mke wangu alinikuta mlangoni. Hakungoja niulize.

"Mutoto iko kwa shangazi yake, Lubumbashi," akasema upesi. "Siku ileile. Nilimutia mu wagoni ya mizigo, chini ya magunia. Anakula, anaandika. Kaa chini sasa."

Nilikaa palepale kwenye vumbi, nikamshukuru Mungu kwa sauti, na watoto wa jirani wakaja kunitazama.

Sasa nimestaafu. Amani iliporudi Ilunga alirudi nayo, akaoa, akawa mwalimu. Cherehani haikurudi, na mke wangu hushona kwa mkono. Wazazi bado wananijia kuuliza bei, na pikipiki zimekuwa nyingi mjini kuliko mbuzi. Mwaka jana Ilunga mwenyewe alikuja. Binti yake Ngoie amepewa darasa katika shule iliyo mbali na mji, na hakuna namna nyingine ya kufika.

"Baba, umwambie hapana," akasema. "Weye anakusikia."

Badala yake nilikwenda na Ngoie sokoni, nikamchagulia iliyo nzuri, nikamfundisha jinsi ya kukaza mnyororo. Mungu amenipa uvumilivu katika mambo mengi. Katika hili ananipa kidogo kidogo, na kila jioni hunipasa kuomba upya. Jua likishuka na Ngoie hajafika, ninatoka nje hadi njiani. Mke wangu huniita nirudi, naketi, kisha nasimama tena.

Wiki iliyopita nilitoka hivyo, nikamkuta Ilunga amekwisha kusimama pale, mikono nyuma, akiangalia upande wa barabara.

"Na weye, unatafuta nini hapa?" nikamuuliza.

"Natoka kuangalia kama mvua itanyesha, Baba. Na weye?"

"Minyi pia."

Tulikuwa katikati ya kiangazi, na hakukuwa na wingu hata moja. Tukasimama pamoja, tukaangalia.