Mbuzi wa Mama Mgeni

Harufu ya mbuzi waliolowa mvua ikinipata, hata katika mji nisioujua, mimi huanza kusema Kituruki kimoyomoyo. Usicheke. Nilikijifunzia mjini Mwingi, nyuma ya soko la mifugo, pamoja na msichana ambaye naye hakukijua.

Halima, rafiki yangu wa darasa la sita, alikuwa ametumiwa kitabu chembamba cha Kituruki na babake, mpishi huko Uturuki. Mamake alikuwa amefariki, babake akaoa hukohuko, na shule ikifungwa Halima angeenda kuishi nao. Aliogopa jambo moja tu: kuingia nyumba ya mama mgeni na kushindwa hata kuomba maji.

Kila jioni, tukichunga mbuzi wa mjomba wake waliongoja lori, tulisoma. Kitabu kilieleza Kituruki kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe tulikibahatisha. Nilipenda vile kitenzi kilikuja mwisho wa sentensi, kama mgeni rasmi. Katika maigizo yetu, mimi ndiye niliyekuwa mama mgeni, nimejifunga leso, nimekalia mtungi.

“Bana su ver,” Halima alisoma. Nipe maji. Kisha akakifunga kitabu. “Wewe Mwende, utaombaje mtu maji na hamjajuliana hali?”

“Si kitabu ndicho kimesema?”

“Basi kitabu hakina adabu.”

Alisema kweli. Kwetu huanzi na shida yako. Unauliza wazazi, mvua, mifugo. Tukapekua maneno ya kurasa za nyuma, tukashona salamu zetu wenyewe. Annen nasıl? Mama yako hajambo? Yağmur yağdı mı? Mvua imenyesha? Keçiler nasıl? Mbuzi wako vipi? Alizikariri hadi mbuzi wenyewe wakageuka kututazama.

Barua yake kutoka Uturuki ilifika miezi mingi baadaye. Pale mlangoni kwa babake, ghorofa ya tano, Halima alisahau kila kitu isipokuwa mbuzi. Mama mgeni aliduwaa, akacheka hadi akaketi kwenye ngazi, kisha akalia. Kumbe alikulia kijijini akichunga mbuzi, na tangu aolewe mjini hakuna aliyewahi kumuuliza habari zao. Maji alileta bila kuombwa.

Nilifurahia kile kicheko, kilio sikukielewa. Nilikielewa baada ya miaka ya kuhamahama, katika vyumba ambavyo hakuna jirani aliyejua kwetu ni wapi.

Majuzi, katika nyumba ya wageni mjini Makindu, mama mmoja aliyetoka Garissa alinipa ufunguo wa chumba bila kuniangalia. Nikamuuliza mbuzi wa kwao wako vipi.

Akavuta kiti.