Picha Imekuja?

Siku hizi fundi wa madishi hupanda ngazi kwa vituo, mkono kiunoni, spana ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Sauti yake ni kubwa kuliko mwili wake, maana miaka yote amezungumza na watu walio chini ya bati: yeye juu akizungusha dishi, nyumba nzima sebuleni ikimjibu kwa kelele. Asipoitikiwa, kazi haiendi. Sasa huitwa kuyashusha tu. Watu wamehamia kwenye intaneti, kila mtu na simu yake, kila mtu na sinema yake, na hakuna anayemwita mwenzake aje aone.

"Fundi, tushushie hilo karai, limebaki kiota cha ndege tu," mama mwenye nyumba alimwambia asubuhi ile, macho yakiwa kwenye simu. Salamu yake hata hakuiitikia. Fundi akapanda. Alilegeza nati zenye kutu, nati alizozikaza mwenyewe, akalikumbatia dishi, na maneno yakamponyoka kwa mazoea:

"Picha imekuja?"

Sebuleni watoto walikuwa wameziba masikio kwa visikilizi. Hakuna aliyeinua kichwa. Ni bibi yao tu, aliyekuwa akimwitikia tangu dishi lile lilipofungwa, aliyejikokota hadi dirishani.

"Bado, baba! Zungusha kidogo!"

Fundi akasimama juu ya paa na dishi kifuani, asijue alizungushe kuelekea wapi.